Mwendo wa Mama Pazia

Habari za chuo kile hazikuwa na subira ya kungoja jarida. Jarida lilitoka mara moja kwa mwezi, limejaa picha za watu wanaopeana mikono. Habari zenyewe zilikuwa zimeshapita mkahawani zamani, zimeongezwa chumvi, na kurudi zilikotoka zimenenepa hata mwenyewe hazitambui. Kwa hiyo asubuhi ile Mama Pazia alipofungua mlango wa nyuma wa ukumbi wa maonyesho, alimkuta mshona mavazi ameshakaa juu ya kasha, pini mdomoni, anamngoja yeye tu.

"Umesikia?"

"Sijasikia, na goti linaniuma."

"Goti lako lisubiri. Wageni wanakuja leo, wale wanaotoa fedha za utafiti. Ile taa ya mwanao ikiwapendeza, maabara inaendelea. Isipowapendeza, mwanao na wenzake wanafunga virago mwisho wa mwezi. Nimeyapata kwa katibu wa mkuu wa maabara, na yule hawezi kuwa ameyatunga, akili ya kutunga hana."

Mama Pazia alikuwa ameyajua yote hayo tangu jana, kutoka kinywani mwa mwanawe mwenyewe. Lakini alitikisa kichwa na kusema "Weee!" mahali panapostahili, maana kumnyima mtu raha ya kuleta habari ni uchoyo. Kisha akatafuta kitu cha kukalia. Kasha lilikuwa na mtu, kiti cha enzi kilikuwa kimepakwa rangi hakijakauka. Akabaki amesimama, kama kawaida yake.

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Aliitwa Mama Pazia tangu enzi zile pazia la ukumbi lilipovutwa kwa kamba na mikono yake miwili. Sasa pazia linavutwa na mota, na yeye ni msimamizi wa jukwaa: nani aingie, nani atoke, kiti kiende wapi, nani kasahau ndevu zake za bandia chooni. Goti la kushoto aliliumiza alipoanguka na ngazi, akitundika taa. Tangu siku hiyo anatembea kwa kuvuta: mguu wa kushoto unaburutwa, unatua, halafu anakaa kidogo kama mtu anayejiuliza kama hatua inayofuata ina faida yoyote. Wanafunzi wa sanaa za maonyesho, ambao kuiga watu ndiyo chakula chao, waliuiga mwendo huo mkahawani. Yeye alijua. Siku moja alipita dirishani akasikia kicheko, akaona binti mmoja anakatiza kati ya meza, trei mkononi, akimfanya yeye mpaka ule mguno mdogo wa mwisho. Aliendelea na safari yake. Chai alikwenda kuinywea stoo.

Binti huyo ndiye aliyepewa kucheza Malkia katika mchezo wa mwaka ule, na jina likamganda, hata walinzi wa getini wakawa wanamwita Malkia.

Na huyo mwanawe Mama Pazia? Kitinda mimba wake, wote wakimwita Kitinda. Wakubwa zake walishaoa na kuolewa, kila mtu na kwake; yeye alibaki na mama yake, akasoma mpaka akaingia maabara ya teknolojia, ile ng'ambo ya uwanja. Jioni walikula pamoja kwenye meza yao ndogo, wawili waliochoka, mmoja kwa miguu, mwingine kwa macho, na mara nyingi maneno yao yote yalikuwa "Nipe maji" na "Umefunga mlango?" Lakini Kitinda akiwa na furaha alikuwa na tabia ya kugonga meza kwa vidole, na tangu taa ianze, meza ile ilikuwa haipati usingizi.

Taa yenyewe ilining'inia kwenye boriti juu ya viti vya watazamaji, na shingo yake ilikuwa ya kugeuka kama ya mbuni. Mzee aliyekuwa akiishika taa ya kumfuata mwigizaji alistaafu, na chuo hakikuajiri mwingine. Maabara ikasema: sisi tutatengeneza taa inayomfuata mtu yenyewe. Kamera zikatundikwa, kompyuta ikafundishwa. "Uso haitazami kabisa, mama," Kitinda alieleza, kijiko kikiwa hewani. "Jukwaani uso unapakwa rangi, unafunikwa. Inatazama mwendo. Kila mtu ana mwendo wake. Ikishamwona Malkia akitembea mara nyingi vya kutosha, hata umvike gunia itamjua."

Basi Malkia alitakiwa aje mchana, wakati ukumbi mtupu, atembee njia zake zote za jukwaani mbele ya kamera. Siku ya kwanza alikuja. Siku ya pili akamvuta Mama Pazia nyuma ya mbao za mandhari.

"Mama, nitetee. Nina kibarua duka la simu, zamu yangu ni mchana huu huu. Nikikikosa, hata pa kulala sijui nitapata wapi."

"Umemwambia Mwalimu?"

"Mwalimu atasema sanaa kwanza. Yeye ana nyumba."

Mama Pazia akacheka kwa pua. Na tuseme kweli, hakuona ubaya wowote. Katika kazi yake, tangu enzi za yule mzee wa taa, wakati wa kupanga taa nyota wa mchezo haitwi. Anaambiwa yeyote aliye karibu, mfagiaji au mshona mavazi: simama pale, sogea kidogo, geuka. Taa inataka mwili tu wa kuangukia. Akavaa gauni la Malkia, akajitanda na ushungi wake ili ionekane pia mwanga unavyokaa kwenye kitambaa, akatembea. Siku ile, na siku zilizofuata zote. Akavuta mguu kutoka mlango wa kushoto mpaka kiti cha enzi, kutoka kiti cha enzi mpaka dirishani, akirudi, akienda, kamera zikimeza. Ng'ambo ya uwanja Kitinda alipokea picha hizo kwenye kompyuta zikiwa zimeshageuzwa kuwa mtu wa mistari, mifupa mitupu inayotembea, isiyo na sura wala umri. Mafaili akayaita Malkia.

Shingo ya taa ilichelewa kufika, ikafungwa juzi, ikajaribiwa jana. Malkia alikuwa dukani. Aliyevaa gauni alikuwa nani? Taa ikamfuata Mama Pazia jukwaa zima kama mbuzi afuataye jani, haikupotea hata mara moja, na kule juu kwenye kibanda cha taa Kitinda, macho kwenye kompyuta, akapiga ukelele wa furaha. Jioni aligonga meza mpaka chumvi ikamwagika. Mama yake alitaka kumwambia kwamba ni yeye aliyetembea, wacheke pamoja. Lakini usingizi ulimchukua na viatu miguuni.

*

Wageni walifika alasiri, watano, wakiongozwa na mama mmoja mrefu mwenye miwani ya kamba shingoni. Mkuu wa maabara aliwaketisha mstari wa mbele. Mwalimu wa mchezo, ambaye wanafunzi walimwita Mikono kwa sababu mdomo wake haukuwahi kusema neno bila mikono kulitafsiri, alikuwa pembeni ya jukwaa upande wa kulia akiwapungia waigizaji hewa ya kuwatia moyo. Upande wa kushoto alikuwa Mama Pazia, kigoda cha Malkia mkononi. Malkia kasimama mbele yake, kajitanda.

"Mama, hii taa ikinikataa?"

"Itakukataaje? Kwani inakudai nini? Nenda."

Pazia likafunguka. Malkia akaingia, kichwa juu, kifua mbele, mwendo wa twiga. Na taa, iliyokuwa imelala katikati ya jukwaa, ikaamka. Ikamtazama. Ikampita.

Ikaenda mpaka dirishani, ikarudi, ikapapasa kiti cha enzi kama mzee anayetafuta miwani. Malkia aliongea maneno yake ya kwanza gizani. Mama Pazia, akidhani ni kasoro ya kupita, akasogea apate kuiona boriti. Hatua moja, kuvuta, kutua. Taa ikashtuka. Ikaruka jukwaa lote kwa pupa, ikamwangukia yeye, pale ukingoni, na sweta lake la kijivu na kigoda mkononi.

Watu wakacheka. Akarudi nyuma haraka, ikamfuata. Akajibanza nyuma ya ubao wa mandhari. Ikakaa ukingoni mwa ubao inamngoja, kama paka mlangoni pa jiko.

Hapo ndipo alipoelewa, na moyo wake ukashuka mpaka kwenye lile goti.

Alitazama juu, kwenye kibanda. Nyuma ya kioo aliona kivuli cha mwanawe kimesimama, mkono juu ya swichi ya kuongoza taa kwa mkono. Akiibonyeza, taa itamrudia Malkia na mchezo utaendelea. Na wageni watakuwa wameona kwa macho yao kwamba mashine haiwezi. Mkono ulikuwa hapo hapo, haushuki, haupandi. Mwalimu Mikono upande wa pili alikuwa anapigana na hewa. Mstari wa mbele, yule mama alikuwa ameshavaa miwani.

"Malkia!" Mama Pazia alinong'ona. "Chechemea!"

Binti hakugeuka, lakini shingo yake ilikakamaa. Alikuwa amesikia.

"Chechemea, mwanangu. Vuta mguu. Tembea kama mimi."

Malkia akarusha jicho la pembeni, la mtu anayejifanya haelewi.

"Kama mkahawani," alisema Mama Pazia. "Na trei."

Hata gizani alimwona anavyonywea. Sekunde moja binti yule hakuwa malkia wa chochote, alikuwa mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Kisha akavuta pumzi, mabega yakashuka, shingo ikaingia ndani kidogo, na mguu wa kushoto ukaburutwa juu ya mbao, ukatua. Akangoja. Akaburuta tena.

Taa ikainua kichwa. Ikasitasita kati ya wawili. Mama Pazia akaganda, asitikise hata kidole. Ikaondoka ubaoni polepole, ikavuka jukwaa, ikamkuta Malkia karibu na dirisha na kumfunika mwili mzima.

Kicheko kikakatika ukumbini kama kamba.

Tangu hapo hadi mwisho Mama Pazia hakuthubutu kusogea, maana hatua yake moja tu ingeirudisha taa kwake. Alisimama nyuma ya ubao, kigoda kikiwa bado mkononi, goti linawaka, na kiti kipo umbali wa mkono. Mshona mavazi ndiye aliyekimbizana na kazi zake, akihema, akimtupia macho ya kuuliza. "Una nini wewe? Umeota mizizi?"

"Nyamaza, usinisukume."

Kutoka hapo aliuona mwendo wake. Hakuwahi kuuona. Mtu huuona uso wake kwenye kioo, mikono yake kila siku, lakini mwendo wake ni mali ya wengine. Alidhani ni kuchechemea kidogo tu, jambo ambalo mtu asipoambiwa hagundui. Kumbe ulikuwa hivi. Kumbe bega la kulia hupanda kuusaidia mguu, na mkono hutafuta ukuta hata pasipo na ukuta. Binti alikuwa ameushika wote, hakuacha kitu. Na sasa hakuwa akichekesha. Malkia wa mchezo alikuwa ananyang'anywa nyumba yake, chumba baada ya chumba, na kila alipohama alikwenda na mguu ule, na kule gizani mtu alianza kupenga kamasi. Mama Pazia naye alitaka kulia, lakini kulia kunatikisa mabega. Akajizuia.

*

Makofi yalipokwisha, korido ya nyuma ilijaa kama sokoni. Mwandishi wa jarida la chuo alikuwa ameshambana Mwalimu Mikono ukutani.

"Ule mguu, Mwalimu, ulikuwa na maana gani?"

"Aah!" Mikono ikapaa. "Tulitaka malkia aubebe uzito wa historia kwa mguu mmoja."

"Na taa kwenda pembeni mwanzoni, kwa yule mama?"

"Taa inamtafuta malkia miongoni mwa watu wa kawaida!"

"Muongo huyu hata Mungu anamwogopa," alisema mshona mavazi, na akasogea karibu asikose neno.

Mama Pazia alikuwa chumba cha mavazi, ameketi hatimaye, miguu juu ya rundo la makoti. Malkia alipiga magoti mbele yake, rangi za uso zikimchuruzika. "Mama, nisamehe. Ya mkahawani. Nilikuwa—"

"Ulinipatia vizuri. Vua gauni la watu, unalilowesha."

Mlango ukafunguka, akaingia Kitinda. Alimtazama mama yake, akatazama miguu juu ya makoti, ule wa kushoto umevimba.

"Mama. Siku zile, mafaili yote yale. Nani alikuwa anatembea?"

Malkia akafungua mdomo. Mama Pazia akamwahi. "Mimi. Binti alikuwa na zamu. Nikasema taa ni taa."

Kitinda akaketi sakafuni, mgongo mlangoni, kama mtu aliyekatwa kamba.

"Kila siku nimekutazama," alisema. "Mchana kutwa wewe umo ndani ya kompyuta yangu, unakwenda, unarudi. Jana ulikuwa chini yangu pale. Nimekuzoea mpaka sikuoni. Taa imekujua, mimi mwanao sikukujua."

"Ulikuwa kazini. Sasa sikiliza. Huko nje wanasifu. Mwalimu ameshawapa hadithi, nayo ni nzuri. Wewe funga mdomo, chukua mkataba wako, twende nyumbani. Kesho utaifundisha taa upya, nani atajua?"

"Wanataka kuipeleka kwenye kumbi nyingine, mama. Mwezi ujao. Hii hii, kama ilivyo. Wamemwambia mkuu sasa hivi. Itafika huko, itamwacha mwigizaji, itaanza kukutafuta wewe."

"Basi nitakwenda nayo, niwafundishe malkia wao kuchechemea."

"Utamfuata kila malkia, umekaa nyuma ya ubao, hupumui?"

Mama Pazia alifikiri. Mtu asiyemjua angesema anatania, lakini alikuwa anafikiri kweli: mabasi, ngazi za kumbi asizozijua, kusimama. Angeweza. Ameshasimama kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Alitazama mguu wake juu ya makoti, na ule mguu, kwa mara ya kwanza tangu uumie, ukaonekana kama wa mtu mwingine, mtu wa kuonewa huruma.

"Hapana," alisema. "Siwezi. Nimechoka, Kitinda."

Hakuwahi kulisema neno hilo mbele ya watoto wake. Hata mshona mavazi, sikio lake mlangoni, alishusha pumzi.

Kitinda akasimama, akajipangusa vumbi. "Basi, ngoja nikawaambie."

"Watakufukuza."

"Pengine."

Alikwenda, na habari za aliyoyasema zilirudi chumba cha mavazi kabla yake, maana mshona mavazi alikuwa na miguu mizima. Kitinda aliwaambia wote, mbele ya mkuu wa maabara aliyegeuka rangi ya majivu, kwamba taa imefundishwa mtu siye. Mama wa miwani aliuliza huyo mtu yuko wapi. Akajibiwa: amekaa. Aliuliza kama ni kweli taa ilimtambua bila gauni, bila ushungi, gizani, nyuma ya ubao. Akajibiwa: kweli. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akasema lile neno la katikati ambalo watu wenye fedha hulipenda, si ndiyo wala si hapana: maabara iendelee mpaka mwisho wa muhula, nusu ya fedha, warudi waone tena, na safari hii atembee anayehusika.

"Nusu," alisema Mama Pazia.

"Nusu ya kitu si sifuri," alisema mshona mavazi. "Vaa viatu."

Jarida lilipotoka, liliandika juu ya uzito wa historia na mguu mmoja, na picha ya Mwalimu akipeana mkono na mama wa miwani.

*

Mwalimu alihamishia mazoezi ya taa asubuhi, baada ya mikono mingi kupigwa hewani, ili Malkia asikose zamu yake. Akawa anakuja mwenyewe, anatembea kwa miguu yake, mwendo wake wa twiga. Mama Pazia aliamriwa na mwanawe akae kwenye viti vya watazamaji. Miaka yote ile ndani ya ukumbi ule, na hakuwahi kujua kwamba viti vya mstari wa tatu vinazama namna ile ukivikalia.

Siku taa ilipowashwa tena, alijikunyata. Mazoea. Malkia alikuwa jukwaani, na hapo hapo mwanafunzi mmoja akamwita Mama Pazia aje atazame mlango wa stoo umekwama. Akainuka kabla hajafikiri, akatembea mbele ya jukwaa. Kuvuta, kutua, kungoja.

Taa ilipita juu ya mabega yake ikielekea kwa Malkia. Haikusita. Ilimpita kama mtu anavyompita mgeni barabarani.

Alisimama, akatazama juu kwenye kibanda. Kitinda alifungua kidirisha, akatoa kichwa.

"Nimekufuta, mama," aliita. "Haikujui tena."

"Yote?"

"Yote. Kaa chini. Mlango nitautazama mimi."

Mama Pazia alibaki pale kidogo, kwenye giza la kawaida. Alidhani atafurahi, akajikuta anautafuta mwanga mabegani kwa mkono, kama mtu anayetafuta khanga iliyoteleza. Kisha akarudi mstari wa tatu, akavua viatu, akavisukuma chini ya kiti cha mbele. Kule juu alisikia vidole vinagonga meza, polepole kwanza. Kabla Malkia hajafika dirishani, alikuwa ameshalala.